Tabitha Haji Kulala

Mikumi,
Alhamisi mchana.

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Na Baba naye umpe shikamoo yake kabla hujakaa kusikiliza, maana nakujua, ukishaanza hutaki mtu akukatize. Wewe Yustina mdogo wangu unayemsomea, hujambo? Soma polepole, usiruke mistari kama ulivyofanya na barua iliyopita, Mama akabaki kuniuliza mambo niliyokwisha kumwandikia. Na ukifika mahali pazito usimtazame Mama usoni. Wewe endelea tu kusoma, mbele kuna kheri.

Mnaendeleaje huko Kintinku? Mgongo wako umepungua, Mama? Na jicho la Baba? Kaka Daudi alituandikia kwamba mvua zenu zilikuwa za kusuasua lakini uwele umebeba, tumeshukuru sana kusikia hivyo. Sisi huku ni wazima wote, na nikisema wote namaanisha wote, Tabitha akiwa wa kwanza. Nimelitanguliza hilo ili roho yako itulie. Sasa vuta kigoda ukae, barua ni ndefu. Madereva wameshakula, banda langu limepoa, na Mwajuma ninayepika naye anaosha masufuria, kwa hiyo nina nafasi.

Lile neno ulilomtuma Daudi lilinifika. Nilikutana naye stesheni ya Kilosa, mimi nikitoka kumpeleka mtoto hospitali na yeye akiwa safarini kwenda Morogoro, treni imesimama. Alitoa kichwa dirishani akaniambia, "Dada, Mama amesema hivi: mtoto mwenye ugonjwa wa figo hakai shuleni wala hakimbizwi juani. Mtoe, umpeleke Kintinku, akalale kwa bibi yake mpaka apone." Halafu akanipitishia ule mzigo wako, treni ikapiga honi, sikupata hata nafasi ya kumuuliza habari za watoto wake. Sikukujibu siku zile kwa sababu, kusema kweli, nusu ya moyo wangu ilikuwa inakubaliana na wewe. Leo nakujibu. Tabitha haji kulala, Mama. Atakuja likizo, kutembea kama wajukuu wako wengine, na nitakueleza kwa nini. Najua hujawahi kukubali jambo bila kuelezwa, na tabia hiyo mimi nimeirithi kwako.

Unakumbuka nilikuandikia jinsi alivyoanza. Aliamka asubuhi macho yamejaa kama aliyeumwa na nyuki. Fabiani mkweo akasema ni malaria, kwake yeye kila kitu ni malaria, hata msumari ukimchoma. Mama mwenye nyumba akasema kuna mtu katutupia jicho. Mimi nikasema minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Baada ya siku chache miguu nayo ikajaa, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo, na tumbo likasimama. Ndipo tukapanda gari kwenda hospitali Kilosa, tukalazwa.

Daktari aliyetupokea ni mama mmoja mfupi mwenye miwani, mpole lakini hapendi maneno mengi. Alinieleza kwamba figo ni kama chujio la chai. La Tabitha limelegea, linapitisha na kile kinachotakiwa kubaki mwilini, yaani ile nguvu ya nyama na maharage inayojenga mwili, yote inamwagika kwenye mkojo. Akanipa kibomba chembamba cha kioo, akanionyesha namna ya kupima mwenyewe nyumbani. Unakinga mkojo wa asubuhi kidogo, unauchemsha juu ya moto. Ukiganda mweupe kama ute wa yai, ugonjwa upo. Ukibaki mwangavu, ugonjwa umelala. Hebu fikiria, Mama, mimi ninayewakaangia madereva mayai mchana kutwa, nilianza kuamka kila siku na kuomba nisione yai.

Pale wodini tulilala kitanda jirani na mama mmoja wa Kimaasai, Nasieku, kutoka mbugani upande wa Mvumi. Mwanawe alikuwa na ugonjwa uleule na ameshauzoea, maana ulikuwa umemrudia. Nikamuuliza, "Huyu akirudi nyumbani unamlaza?" Akanishangaa kweli. "Nimlaze kwa nini? Akivimba anakaa na mimi bomani. Uvimbe ukiondoka anarudi kwa ndama. Ndama watachungwa na nani?" Mimi moyoni nikasema huyu mama hamhurumii mwanawe. Leo nikimkumbuka namwona alikuwa na akili kuliko sisi wote.

Tulirudi Mikumi na vidonge, na sharti moja kubwa: chumvi marufuku. Ukitaka kujua watu wanavyokupenda, wape chakula kisicho na chumvi. Fabiani alikula siku ya kwanza akanyamaza, ya pili akanyamaza, ya tatu nikasikia anawasimulia mafundi wenzake kule kwenye matairi kwamba mke wake amemgeuza kuwa sungura. Lakini alikula, kwa sababu nilisema mtoto hawezi kula peke yake chakula cha bua kisicho na ladha huku sisi tunajilamba vidole.

Uvimbe wa kwanza ulishuka, tukamrudisha shule. Vidonge vilimfanya mashavu yawe ya duara, watoto wakamwita Tarumbeta. Alilia siku moja tu, kesho yake akawaambia, "Basi nitawapulizia." Ndiyo huyo mjukuu wako. Unamjua miguu yake, ile mirefu ya kwa kina baba yake, watu wa Lumuma waliozoea milima. Kabla hajaugua alikuwa anakimbia mbio za kupokezana vijiti kwenye timu ya wasichana, na aliporudi kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa masomo, aliuliza nani amechukua nafasi yake. Mwalimu wa michezo, Mwalimu Anjela, msichana mmoja mchangamfu aliyehamia hapa kutoka Songea, akamruhusu kujaribu kidogo kidogo.

Hazikupita siku nyingi miguu ikaanza kujaa tena. Mama, hapo ndipo kila mtu alipokuwa daktari. Mwalimu mkuu alisema ni mbio. Fabiani alisema ni mbio. Mama mwenye nyumba, yule wa jicho, naye akaacha habari za jicho akasema ni mbio. Mwalimu mkuu si mtu mbaya, ni mzee mwenye huruma, lakini mwoga. Alituita ofisini akasema, "Mtoto huyu akidondoka kwenye uwanja wangu, mimi nitajieleza wapi?" Kwanza alimkataza kukimbia, akamweka pembeni alinde viatu vya wenzake wakati wa mazoezi. Tabitha akakaa pale na rundo la kandambili, wenzake wanapita mbele yake wanakimbia. Kisha macho nayo yakajaa, mwalimu mkuu akasema bora akae nyumbani kabisa mpaka apone.

Akakaa nyumbani. Wewe ungefurahi, maana ndivyo ulivyotaka, lakini ungemwona usingefurahi. Nilimwekea mkeka nyuma ya banda langu, na kutwa alikuwa anaangalia malori yanavyopita kwenda Zambia. Mwanzoni alikuwa anasoma maandishi ya ubavuni mwa malori kwa sauti. Baadaye akaacha. Zuhura rafiki yake alikuwa anapita jioni kumwonyesha walichofundishwa, halafu naye akaanza kupita siku moja moja. Mtihani wa darasa la nne unakaribia na mtoto hata jedwali la kuzidisha ameanza kusahau. Nikimwambia inuka unyooshe miguu, ananijibu, "Si mmesema nikitembea nitakufa?" Hakuna aliyemwambia hivyo, Mama, lakini ndivyo alivyotuelewa. Niliogopa sana. Niliogopa ugonjwa, na niliogopa vilevile ule ukimya wake.

Na kila asubuhi nachemsha mkojo, na mkojo unazidi kusafika! Lakini miguu haipungui. Nikadhani kibomba kimeharibika. Siku ya kwenda tena Kilosa ilipofika nilikuwa nimekwisha kuamua: nikirudi namfungia nguo zake, namleta kwako.

Daktari alimpima presha, akachemsha na yeye mkojo, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Akaniuliza, "Mama Tabitha, dawa inafanya kazi. Kwa nini miguu imejaa?"

"Ni mbio, daktari. Kila mtu anasema ni mbio."

"Mara ya mwisho amekimbia lini?"

Nikaanza kuhesabu siku. Alikuwa hajakimbia tangu mwalimu mkuu alipomkataza, na tangu hapo ndiyo kwanza amezidi kuvimba. Tabitha alikuwa ananiangalia tu, unajua anavyoangalia mtu akiwa anangoja haki yake.

"Basi mbio tuziache, hazihusiki," daktari akasema. "Niambie unampikia nini."

"Chumvi hakuna, naapa. Hata baba yake anakula bila chumvi, majirani wote wanajua."

"Sijauliza chumvi. Nimeuliza unapika nini. Anza asubuhi."

Nikaanza. Asubuhi uji wa ulezi. Mchana ugali na mlenda. Akaniuliza mlenda unaupikaje, nikamwona kama ananichezea, mimi mpishi na mtoto wa Kigogo naulizwa mlenda unapikwaje. Nikamwambia, "Kama kawaida, daktari. Unatenga maji, unatia magadi, yakichemka unatia mlenda."

"Unatia nini?"

"Magadi."

Nesi aliyekuwa anakunja bendeji akageuka. Daktari akavua miwani. "Na wewe umesema hakuna chumvi."

"Lakini magadi si chumvi! Kwetu chumvi ni chumvi, magadi ni magadi."

Yustina, hapa ndipo nilipokuambia usimtazame Mama.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba kile kitu kwenye chumvi kinachovuta maji yakabaki mwilini, kwenye magadi nacho kimo, tena tele. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima hakina neno kikiwa kidogo. Kwa Tabitha ni sawa na kummwagia chumvi kwa kibaba. Akauliza kama natia kidogo au kwa wingi. Ndugu zangu, nilitamani sakafu ipasuke. Kwa sababu mtoto alikuwa anakataa chakula cha bua, nami kwa kumwonea huruma nilikuwa naongeza magadi ili apate ladha. Kwenye mlenda magadi, kwenye maharage magadi, kwenye kisamvu magadi, hadi kwenye mboga ya chainizi ambayo haina haja ya magadi hata kidogo. Niliondoa chumvi mlangoni nikaiingizia dirishani, tena kwa mikono miwili.

Sasa Mama, nakujua, umeanza kulia. Usilie, nakuomba. Najua unawaza vile vifurushi vyako, magadi uliyokwangua mwenyewe kule mbugani, ukayafunga kwenye kitambaa, ukamtafuta mtu wa treni wa kuniletea. Hata ule mzigo alionipitishia Daudi dirishani ulikuwa magadi. Wewe ulituma kitu tulichokula tangu tunazaliwa, nami nilikipokea kwa furaha kama ninavyokipokea siku zote. Hakuna aliyejua. Daktari mwenyewe alisema akina mama wa kwetu wengi wanaweza kufanya hivyohivyo, wakiambiwa chumvi wanaacha chumvi. Endelea kunitumia, Fabiani mlenda bila magadi anasema si mlenda. Ila sasa Tabitha ana sufuria yake ndogo, haiguswi na mtu, namtilia limau, nyanya na tangawizi, na siku hizi anaimaliza mpaka anafuta chini kwa tonge. Ukitaka kumtumia kitu chake mwenyewe, mtumie ubuyu na karanga, karanga zisiwe zimekaangwa na chumvi.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza daktari lile lililokuwa moyoni mwangu, nimpeleke kwa bibi yake akalale mpaka apone? Akasema, "Apone lini? Ugonjwa huu kwa watoto unakuja na kuondoka. Unaweza kurudi mara kadhaa kabla hajawa mkubwa. Ukimficha ndani ukingoja uishe kabisa, atakosa shule na atakuwa mnyonge, na figo hazitafaidika kitu. Akivimba, apumzike. Uvimbe ukishuka, aende shule na acheze. Dawa hizi zinanenepesha na zinadhoofisha mifupa, kukimbia kutamsaidia. Akichoka atakaa chini mwenyewe, watoto wana akili."

Tabitha akadakia, "Nikimbie na vijiti?"

"Hata na jembe ukitaka," daktari akamwambia, na mtoto akacheka, Mama. Nilikuwa nimesahau meno yake.

Tuliacha magadi siku hiyohiyo. Nakwambia maji yalitoka, alikuwa anakwenda chooni mpaka mama mwenye nyumba akauliza kuna nini. Miguu ikarudi kuwa miguu. Asubuhi moja akanionyesha vidole vyake vya mguu, mishipa inaonekana kwa juu, tukaitazama wote wawili kama vitu vipya.

Kilichobaki kikawa mwalimu mkuu. Safari hii nilimwambia Fabiani aende yeye, nami nikamfuata nyuma. Unamjua mkweo, tangu shamba la mkonge lilipofungwa kule Kilosa akaja kujifunza kuziba matairi hapa barabarani, maneno yake yamekuwa machache, labda upepo wote anauweka kwenye matairi. Alisimama ofisini na mikono yake myeusi akasema, "Mwalimu, daktari amesema asome na acheze. Na mimi nasema hivyohivyo." Basi. Mwalimu mkuu akakubali darasani, lakini uwanjani akasita. Akarudia yaleyale, akidondoka je? Mwalimu Anjela alikuwa amekaa pembeni anasahihisha madaftari. Akasema, kwa adabu lakini kwa sauti, "Mwalimu, nimechoka kumwona yule mtoto akilinda kandambili." Mzee akafikiri, akakuna kichwa, akasema, "Sawa. Lakini siku za mazoezi mama yake aje asimame hapa, nimwone."

Kwa hiyo nimekuwa mwanafunzi uzeeni. Siku za mazoezi namwachia Mwajuma banda, nakwenda kusimama uwanjani na kanga yangu ya unga. Siku moja kundi la nyani lilikatiza uwanja katikati ya mazoezi, watoto wakatawanyika, Tabitha akatimka mbele ya wote, Mwalimu Anjela akapiga kelele, "Hiyo ndiyo kasi ninayoitaka!" Fabiani naye alikwenda gulioni kwenye mitumba, akapekua marundo tangu asubuhi, akarudi na raba za Ulaya zenye mstari mwekundu, nyepesi, zinamtosha sawasawa. Siku hizi za ruksa, bidhaa za nje zimeruhusiwa, hakuna kinachokosekana, hata viatu vya watoto wa Kizungu vinafika Mikumi.

Jumamosi iliyopita ndiyo yalikuwa mashindano ya shule za jirani, hapahapa kwetu. Sikulala vizuri. Moyo ulikuwa unaniambia tumekosea, tungemtii Mama. Walimpanga wa tatu kati ya wakimbiaji wanne. Nikakuona wewe, Mama, kama uko pale umejishika kiuno unaniambia, nilikwambia mimi. Firimbi ikalia. Watu wote walikuwa wanaangalia mbio, mimi nilikuwa naangalia vifundo vya miguu ya mwanangu. Akapokea kijiti wakiwa nafasi ya pili, akakimbia na yale mashavu yake, akakabidhi wakiwa nafasi ya pili. Hakumpita mtu wala hakupitwa na mtu. Wa mwisho wao alikuwa Zuhura, naye akashika hiyohiyo ya pili. Mama, hakuna aliyeziimba mbio hizo, lakini mimi nilikaa chini kwenye nyasi kama niliyezikimbia mwenyewe. Tabitha akaja anahema, jasho linamtiririka, akaniuliza, "Mama, wewe ndiyo umechoka?"

Lakini mbio zangu mimi zilikuwa kesho yake asubuhi. Niliwasha moto mapema. Fabiani, ambaye kibomba kile huwa hataki hata kukiona, alikuja akachuchumaa karibu yangu. Mkojo ukaanza kuchemka. Nikauinua kwenye mwanga. Nikamwambia, "Tazama wewe, macho yangu siyaamini leo." Akautazama, akaugeuza huku na huku. Akasema, "Maji." Akasema tena, "Mke wangu, haya ni maji." Kisha akajifuta uso kwa mikono ya grisi, akaenda kanisani na mstari mweusi kwenye shavu, nami sikumwambia mpaka misa ilipokwisha.

Kwa hiyo, Mama, hali ndiyo hiyo. Sikudanganyi kwamba umeisha. Daktari amesema unaweza kurudi, na ukirudi tutarudi Kilosa, atapumzika, ataanza vidonge upya. Kulitamka hilo bado kunaniuma. Lakini siogopi kama zamani, na yeye haogopi kabisa. Akija likizo usimtandikie kitanda mchana. Mpe ndoo kama wenzake, mtume dukani, mwache acheze na kina Neema wa Daudi mpaka jioni. Kitu kimoja tu nakuomba, sufuria yake iwe yake, na usimwonjeshe kwa siri ukidhani sitajua.

Msalimie sana Baba, mwambie mkwe wake anatafuta dawa ile ya jicho hapa kwenye duka jipya la dawa. Msalimie shangazi Mele mfinyanzi wetu, chungu chake bado hakijapasuka. Mjomba Lazaro mpiga kengele wa kanisa, mwambie nasikia sasa anaipiga kwa kuchelewa. Shemeji Ruti, mke wa kaka Daudi, na watoto wote. Bibi mkunga wetu wa pale ng'ambo ya reli naye nampa shikamoo ya pekee, yeye ndiye aliyempokea Tabitha duniani na atafurahi kusikia. Yustina, wewe soma kwa bidii, barua zako zina mwandiko wa kuku. Mungu awafunike wote mpaka tuonane ana kwa ana.

Ni mimi mwanao niliyepumua,
Marta, mama Tabitha.

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua, Tabitha ameingia kutoka shule amenuna, vumbi hadi kwenye kope. Nikashtuka, nikamwangalia miguu kwanza. Nikamuuliza kuna nini. Anasema yeye na Zuhura walikuwa wanacheza rede, kengele ikagongwa hawakuisikia, mwalimu mkuu mwenyewe akawapa adhabu ya kufagia uwanja. Nikamuuliza, "Hakukumbuka kwamba unaumwa?" Akasema kwa hasira, "Hakukumbuka kabisa, Mama! Tena kanipa eneo kubwa kuliko la Zuhura!" Yuko hapo nje ananawa uso na kulalamika, na mimi nimegeukia jiko ili asione ninavyocheka huku machozi yananitoka.